Gurudumu la Mkia na Mchele wa Shangazi Yako

Mwanangu Tunu,

Salamu tuziache, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyogombana na zipu ya begi. Ningeweza kuinuka, nikagonga mlango, nikayasema haya kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili tangu magharibi. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umeweka mswaki. Mara ya pili nikakuuliza tena mswaki, ukaniangalia kwa huruma. Basi naandika.

Habari za kula, kulala, kuchagua marafiki na kuvaa sweta sizigusi. Mama yako ameshazisema zote na asubuhi atazirudia kuanzia mwanzo. Mimi nataka tuzungumze juu ya gurudumu la mkia la ndege yetu ndogo ya kubebea dawa, na juu ya lile swali uliloniuliza jana pale kwenye nyasi, una vumbi mpaka kwenye kope, nami nikageuka nikaanza kumfokea mtu mwingine. Kesho asubuhi ndege hiyo hiyo inakwenda Dar kuchukua dawa, na ndiyo ya kukupeleka chuoni. Ndege kubwa ya abiria imejaa, treni haiwezi kukuwahisha, na usiporipoti kwa siku waliyosema nafasi yako anapewa mwingine. Kwa hiyo rubani wetu, Kapteni Elia, aliniuliza mchana swali moja tu: iruke au isiruke? Mimi fundi wake nikamwambia nitamjibu jioni.

Bado sijatulia, nikuambie ukweli. Kazi hii ya ufundi wa ndege nimeianza kabla hujazaliwa na nimeona vituko, nimekuta hata nyuki wamejenga ndani ya injini. Kama cha jana sijakiona. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda na kikombe cha chai mkononi, nawasubiri mrudi kutoka kusini kwa shangazi yako. Nilijua Kapteni amekuchukua makusudi, ndiyo zawadi yake ya kukuaga, uione kazi kabla hujaenda kuisomea. Nikaiona ndege inashuka upande wa ziwani, imenyooka vizuri. Magurudumu ya mbele yakagusa. Mkia ukashuka. Halafu nikasikia ule mlio.

Wewe ulikuwa ndani, labda uliusikia vingine. Kwa nje ilikuwa kama mtu anaburuta kitanda cha chuma juu ya sakafu ya saruji. Mkia ukaanza kutikisika kulia na kushoto, haraka mno hata jicho haliwahi, kisha ndege ikaacha njia, ikajizungusha yenyewe, bawa la kulia likainama likabakisha shubiri moja kugusa ardhi, ikaingia kwenye nyasi ikasimama inatazama ilikotoka. Wallahi Tunu, sikukimbia. Nilitaka kukimbia nikajikuta bado nimeshika kikombe, nimekishika sawasawa, hata chai haikumwagika. Binti yangu yuko ndani ya kile chombo na mimi nimeshika chai. Mpaka sasa kila nikifumba macho naona kile kikombe, siioni ndege.

Nilipofika ulikuwa umeshashuka. Hukulia wala hukupiga kelele. Ulinitazama ukasema taratibu, "Baba, si ulisema umeitengeneza?"

Nilisema, ndiyo. Nilikwambia wewe, nilimwambia Kapteni, na mama yako nilimwambia tukiwa tunakula, tena kwa majigambo. Na badala ya kukujibu nikamgeukia Kapteni Elia, mbele ya watu wa zimamoto na abiria waliokuwa wanangoja ndege yao, nikamwambia amekanyaga breki kwa mguu mmoja, ameniharibia ndege, na kwamba huko kwao Mbeya labda wanajifunzia urubani kwenye trekta. Yule bwana alikuwa amejishika kwenye bawa asianguke, na mimi namtukana.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana ndiyo kazi unayokwenda kuianza. Ndege ya aina yetu haina gurudumu puani. Ina mawili makubwa mbele na moja dogo nyuma, chini ya mkia. Lile dogo linageukia kwenye pini, na pini imefungwa mwisho wa springi bapa, yale mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama ya lori. Springi ikiwa bado na mgongo wake, pini husimama wima, au kichwa chake hulalia nyuma kidogo, na gurudumu hufuata ndege kwa adabu. Springi ikichoka ikalala, kichwa cha pini huinamia mbele. Hapo gurudumu linachanganyikiwa. Likigongwa na kokoto tu linaanza kutikisika, na likishaanza haliachi mpaka ndege isimame au iende kusikotakiwa.

Mkia ulianza kutikisika tangu masika. Kapteni akalalamika, nikakaza nati. Akalalamika tena, nikabadilisha washa, zile pete zinazobana ile pini, nikazifuta mafuta yote maana zile hazitaki grisi hata kidogo. Akaja tena kwa upole wake, anaona aibu kunisumbua, nikabadilisha springi ndogo zinazounganisha gurudumu na pedali, nikapima na upepo wa tairi. Kila nilipomaliza tuliijaribu. Kapteni anaiendesha mpaka mwisho wa njia na kurudi, kimya, mkia umetulia. Nampiga begani namwambia imepona. Na ilikuwa imepona kweli, kwa sababu ilikuwa tupu.

Springi bapa niliitazama pia, usidhani sikuitazama. Lakini magoti yangu unayajua. Huwa naunyanyua mkia kwanza, nauweka juu ya stendi usawa wa kifua, ndipo nakagua nimesimama, na chai yangu pembeni. Gurudumu linaning'inia hewani, halijabeba chochote, na pini inaonekana safi. Nilikuwa nikiikagua hivyo miaka yote, na kila anayenitazama anasema huyu mzee kazi yake nadhifu.

Leo asubuhi nilifika bandani peke yangu. Jana tulipoivuta ndege ndani hakuna aliyekuwa na moyo wa kushusha mizigo, tuliifungia hivyo hivyo. Nikaenda nyuma kuunyanyua mkia kama kawaida, nikashindwa. Mkia ulikuwa mzito, mizigo bado imo ndani. Nikakaa chini sakafuni na suruali yangu ya kushindia. Na pale nilipokaa, kwa mara ya kwanza, nikaitazama ile pini kwa ubavu, ndege ikiwa imesimama kwa miguu yake yenyewe na mzigo wake tumboni. Kichwa kimelalia mbele. Kimelala kabisa, hata mtu asiye fundi angeuliza kuna nini hapa.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa gunia la mchele la shangazi yako. Nikainama kutazama. Pini imerudi kidogo. Nikatoa ndoo ya asali, ikarudi tena. Nikatoa tenga la migebuka, wale samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi, na lile tenga jingine alilotumiwa bibi yako, na mkungu wa ndizi ambao hata sijui ni wa nani. Mwisho ndege ikabaki tupu, na pini imesimama wima, safi, kama ninavyoiona siku zote. Mimi nimezungukwa na vyakula pale sakafuni. Nilitoa sauti, Tunu, sijui ilikuwa sauti gani, maana mlinzi alikuja mbio akidhani nimeangukiwa na kitu.

Mizigo ile niliiagiza mimi. Ndiyo maana nilipiga ile kelele. Nilimpigia shangazi yako simu nikamwambia mtoto anakuja huko mara moja tu, kisha anaondoka, usije ukamrudisha mikono mitupu. Na dada yangu unamjua, ukimwambia hivyo umemruhusu kuleta ghala. Kapteni alipima uzito wako, akapima wa nesi mliyekuwa naye safarini, akahesabu mafuta. Vile vitu vililetwa mwisho kabisa, watu wameshafunga mikanda, vikasukumwa kule nyuma bila mtu kuvipima.

Na mizani tunayo, iko mlangoni mwa banda, unaijua. Lakini wewe ni mtoto wa Ujiji, niambie, nani kwetu anaweka zawadi kwenye mizani? Mama wa watu ametoka kijijini Katonga na dagaa wake kichwani, anasema Kapteni mwanangu, hii ni kidogo tu, nipelekee kwa binti yangu Tabora. Wewe umwambie ngoja mama tupime? Ataona umemdharau, umemfanya mchuuzi. Kapteni ni mgeni huku, anaogopa kuonekana hana adabu, anapokea na kushukuru. Mimi mwenyeji ndiye niliyepaswa kumsaidia. Nilichokuwa nafanya ni kwamba nikimwona mtu mzima anakuja na kifurushi, natupa turubai juu ya mizani asije akaiona akajisikia vibaya. Nilijihesabu mtu wa heshima sana kwa lile turubai.

Na aliyeujaza mkia ule kuliko watu wote ni mimi. Miaka yote uliyosoma Tabora ndege haikwenda huko bila kitu chako. Dagaa wa kukaanga, dumu la mawese, mihogo, na ule unga wa muhogo wa bibi yako ambao najua mlikuwa mnaugawa. Uliniambia siku moja kwenye simu, Baba inatosha, chini ya kitanda hakuna nafasi, wenzangu wananiita duka. Nikacheka sana, na safari iliyofuata nikakuongezea. Springi ya namna ile hailali kwa safari moja. Inalala kidogo kidogo, kila tunapotua kwenye viwanja vya mawe na tenga la mtu liko nyuma. Nimeilaza mimi, mwanangu, kwa dagaa wako, kisha nikakupandisha juu yake. Nimelirudia hilo kichwani tangu asubuhi na bado linanishtua kana kwamba naambiwa sasa hivi.

Nimejiuliza mchana kutwa tabia hii niliitoa wapi. Siku niliyoondoka mimi kwenda kusomea ufundi, baba yangu alinisindikiza stesheni mikono mitupu. Wenzangu wamebebeshwa vikapu, mimi sina hata karanga za njiani. Alichofanya yeye ni kuliangalia sanduku langu, akaona kamba imelegea, akaifungua yote, akaifunga upya, akaliwekea mguu na kuivuta mpaka sanduku likalia. Kisha akasema haya, nenda. Nilimkasirikia usiku kucha ndani ya lile behewa. Nikaapa kwamba nikipata mtoto hataondoka kwangu namna ile. Sasa kamba yenyewe ilifika Dar haijalegea popote, nilihangaika kuifungua mpaka nikaazima kisu, na wala sikuwahi kumwambia.

Mchana nilikwenda Bangwe nyumbani kwa Kapteni. Nilimkuta anafua sare zake mwenyewe. Nikamweleza habari ya pini yote, nikamwomba radhi, nikamwambia nitairudia radhi hiyo mbele ya wale wale watu wa zimamoto kwa sababu matusi niliyatoa mbele yao. Nilikuwa nimejiandaa anifukuze. Akalikamua shati, akalianika, akakaa barazani akasema, "Mzee, hata mimi niliamini ni mguu wangu. Tangu jana nawaza namna ya kuwaambia kwamba naacha kurusha ndege."

Nilishtuka upya. Maneno niliyoyatupa kwa hasira ya dakika moja, ya kujificha tu nisikujibu wewe, yalikuwa yamelala na mtu usiku kucha na kumshawishi kwamba hafai. Wewe una hasira zangu, Tunu, umezichukua pamoja na hii pua. Huko uendako kuna siku utaharibu kitu, na utausikia mdomo wako unamtafuta mtu wa kumtwika. Jing'ate ulimi kwanza. Ingia chini ya ndege ukatazame.

Tukarudi bandani pamoja. Stoo kulikuwa na springi bapa mpya, imeviringishwa kwenye magazeti na grisi, imekaa humo muda mrefu kwa sababu mimi nilikuwa nasema ya zamani bado nzima. Tukaifunga. Kisha tukapakia mchele wa shangazi yako kule nyuma, na asali, na samaki, na ndizi za yule asiyejulikana, ndege ikiwa chini, nami nikalala kifudifudi kuitazama pini. Ikasimama. Kapteni akairusha na mzigo ule ule, akatua, akairusha tena akatua. Mkia umetulia tuli. Akazima injini, akashuka, akaniuliza, "Sasa Mzee, kesho tunaruka au haturuki?"

Hapo ndipo nilipokwama. Springi ni mpya, nati nimezikaza kwa mkono wangu, pini nimeiona kwa macho yangu ikiwa imebeba mzigo. Kila ninachokijua kinasema iruke. Lakini nilikuwa na uhakika huu huu nilipokaza nati, na nilipobadilisha washa, na niliposema imepona kwa mara ya mwisho. Nilijipapasa moyoni nione kama uhakika wa leo una tofauti na ule, nikaona unafanana kabisa. Nikamwambia nitamjibu jioni.

Magharibi bibi yako akaja kutoka Ujiji na dumu lake la mawese kwa ajili yako. Wewe ulikuwa jikoni, hukusikia. Mizani nilikuwa nimeileta nyumbani kupima begi lako, iko pale sebuleni, na turubai sikuwa nalo. Nikampokea dumu, nikamwamkia, nikaliweka juu ya mizani mbele ya macho yake. Akaniuliza, "Masudi, unanipima?"

Nikamweleza yote, ya springi na ya pini na ya nyasi, na kwamba wewe ulikuwa ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalinyanyua dumu lake, akaingia nalo ndani, na hajanisemesha tena. Yale maneno ya Kiha uliyoyasikia huko uani alikuwa ananisema mimi. Usiende kuniombea. Ana haki ya kununa, nami nitalala na kununa kwake, kesho nitamwamkia tena.

Kuna jambo jingine pia. Ulipokuwa Tabora nilikuwa nakupigia Jumapili mchana, umeshafua, umeshakula, umeshalala kidogo. Nakuuliza u mzima? Unasema mzima. Nakata simu nimeridhika, naenda zangu kunywa kahawa. Mama yako ndiye aliyeniambia, shule umeshaimaliza, kwamba kidato cha tatu ulikuwa unalia kila jioni na ulitaka kurudi nyumbani. Nilimbishia, nikamwambia mtoto nilikuwa naongea naye mwenyewe. Leo pale sakafuni nimeacha kubisha. Kwa hiyo huko chuoni nitakuwa napiga katikati ya wiki, jioni, saa unatoka karakana na mikono ina mafuta. Ukiwa umechoka sema umechoka. Ukiwa hutaki kuongea na mimi, hilo nalo liseme, sitanuna sana.

Sasa jibu la Kapteni. Nimempigia kabla sijaanza kuandika. Nimemwambia kazi yangu nimeimaliza na yeye ameijaribu, lakini kesho asiniulize mimi kama inaruka, akuulize wewe. Akasema sawa Mzee, ni haki yake.

Basi kesho, begi likishapakiwa na kila kitu kimekaa mahali pake, kabla hujapanda, nenda nyuma. Asiguse mtu mkia wala asiunyanyue. Lala chini, gauni litafuliwa. Itazame pini kwa ubavu. Kichwa kikiwa wima au kimelalia nyuma, ni salama. Kikiinamia mbele, hata kwa upana wa ukucha, si salama. Kamata gurudumu ulitikise, lisicheze ovyo. Pitisha kidole kwenye kila pande la springi utafute ufa. Usifanye haraka. Mama yako atakuwa analia, bibi yako labda atakuwa amekuja uwanjani na labda hakuja, Kapteni atakuwa anatazama mawingu ya upande wa Kongo. Waache wote wangoje.

Na usinitazame mimi usoni kutafuta jibu. Mimi nataka uende ukasome, nataka pia usiondoke, na uso wangu utakuambia chochote unachotaka kusikia. Usiniamini, mwanangu. Sijawahi kufikiri ningekuandikia neno hilo, na hapa limenitoka kwa kalamu yangu mwenyewe. Amini utakachokiona ukiwa chini pale.

Ukisema mnaruka, mtaruka. Ukisema hamruki, nafasi ya chuo na ipotee, begi lako nitalishusha mimi mwenyewe, na sitakuuliza kwa nini.

Mimi, baba yako,
Masudi